Faida ya kikoba chetu hapa Mwanjelwa: ni biashara au ni riba? Naomba tuelimishane

#1 Mama Vitenge (mwanzisha uzi)
Assalamu alaykum, na habari za jioni kwa wadau wote.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama hapa Mwanjelwa, Mbeya. Tuko 25, Waislamu tisa. Hisa moja ni sh 5,000. Tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni, tukishafunga meza zetu sokoni. Mwanachama anakopa hadi mara tatu ya hisa zake na anarudisha ndani ya miezi mitatu na asilimia 10 juu. Desemba tunavunja kikoba na kugawana.

Juzi nilikaa na daftari kuandaa mgawo, nikaona jambo ambalo halijanitoka kichwani hadi leo. Hisa zote ni 9,000,000. Ziada ya mikopo ni 1,800,000. Kwa hiyo kila mwenye hisa za 100,000 anapata 20,000 juu. Sasa kuna mama mmoja mjane, anauza mboga za majani, ana hisa za 200,000. Alikopa mara tatu: 200,000 mtoto alipolazwa, 300,000 ya ada, na 500,000 mtaji ulipokatika. Ziada aliyolipa ni 100,000, na kwenye mgawo faida yake ni 40,000. Mwenzetu mwenye duka la jumla ana hisa za 1,200,000, hajakopa hata shilingi, anaondoka na faida ya 240,000. Mimi mwenyewe nina hisa za 450,000, sijakopa, napata 90,000.

Nimeiandika hiyo 90,000 kwa mkono wangu, kisha nikageuza ukurasa nikaona mstari wa yule mama. Je, hii ni riba? Na kama ni riba, tufanyeje bila kukivunja kikundi?

#2 Mtu wa Makambako
Dada, usijitese. Pesa ni yenu wenyewe inazunguka humo humo. Riba ni ya benki, pale pesa yako inapomnufaisha mtu usiyemjua. Hapa hakuna mnyonyaji.

#3 Ustadh wa Uyole
Waalaykumu salaam, dada yangu.

Kanuni waliyoishika mafakihi (wanazuoni wa sheria ya dini) wa madhehebu yote ni hii: mkopo wowote uliowekewa sharti la kurudishwa na ziada, ziada hiyo ni riba. Haijalishi mkopeshaji ni benki, jirani au kikundi. Suratul Baqara aya ya 275 iko wazi. Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na ameharamisha riba, na aya hiyo hiyo inawataja waliodai kwamba biashara na riba ni kitu kimoja.

Kwa hiyo #2, pesa kuzunguka ndani hakubadilishi hukumu. Yule mjane hajikopeshi mwenyewe, anakopa pesa za wenzake 24.

#4 Kijana wa Ipogolo
Kamwene wadau. Hoja ya #2 ingesimama kama wote wangekopa sawasawa, maana kila mmoja angerudishiwa alichotoa. Lakini daftari la Mama Vitenge linaonyesha vingine. Aliyepata shida ametoa 60,000 zaidi ya alichopata, na hiyo 60,000 imeingia mfukoni mwa wasiokuwa na shida. Hayo yameandikwa kwa wino, hatubishanii hisia hapa.

#5 Mtu wa Makambako
#4, sawa, lakini hesabu yako haijakamilika. Huyo mama alipokopa 500,000 aliifanyia biashara. Mboga zinazunguka kila siku, ndani ya miezi mitatu anaweza kuwa ametengeneza mara kadhaa ya hiyo 50,000 aliyolipa juu. Benki gani ingempa bila hati ya nyumba? Mbona hilo hamlisemi?

#6 Bint Tukuyu
Na ile 200,000 ya mtoto kulazwa, hiyo nayo alizungusha mboga gani?

#7 Mtu wa Makambako
Hapo umenibana, dada. Nakubali.

#8 Mzee wa Rungwe
Naomba nichangie, mimi si Mwislamu, ni Mmoravian. Kanisa letu liko Rungwe tangu 1891, na wazazi wetu walifundishwa habari hii pia. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba maskini unayemkopesha. Kwa hiyo Mama Vitenge asijione kama analeta dini yake kuwasumbua wenzake 16. Akilipeleka hili mbele ya kikundi kwa upole, nina hakika wapo Wakristo watakaoguswa. Ila asianze na neno haramu. Aanze na daftari.

#9 Mama Vitenge
Ndaga fijo mzee wangu. Hilo la kuanza na daftari nalichukua.

#10 Mhasibu Kihesa
Nimefanya kazi na vikundi hivi miaka mingi, niongeze vitu viwili.

Kwanza kuna mtu atakuja kusema vikoba ni mpango wa serikali, kwa hiyo viko salama. Mfumo huu ulianzia Niger mwaka 1991 kwa shirika la CARE, wanawake wa Kihausa wakauita Mata Masu Dubara, ndipo ukasambaa Afrika nzima, na kwetu uliingia kupitia Zanzibar. Serikali ilikuja baadaye na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, ambayo imeviweka vikundi kama hivi daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Sheria hiyo hailazimishi mtoze asilimia 10. Kiwango mnapanga wenyewe kwenye katiba yenu, na mnaweza kukiondoa.

Pili, ile asilimia 10 haikuwekwa kwa ubaya. Watu wengi wanaweka hisa kwa kutazama mgawo wa Desemba. Ukiondoa ziada bila kuweka kitu badala yake, yule mwenye 1,200,000 ataondoka kesho, na mjane atakosa pa kukopa kabisa. Hilo ndilo fumbo lenyewe.

#11 Mwana wa Usangu
Kumbe ilianza kwa Wahausa, na Wahausa wengi ni Waislamu. Basi ustadh, imekuwaje wao wafanye na sisi tukatazwe?

#12 Ustadh wa Uyole
#11, tendo la Waislamu si dalili ya uhalali. Wapo Waislamu wanaopunja mizani, hakuna anayesema mizani ya kupunja imehalalishwa.

Na kwa #10, ahsante, fumbo umelieleza vizuri. Mlango aliotuachia Mwenyezi Mungu ni biashara. Kikundi kikitaka faida kifanye biashara kweli, kiache kukodisha pesa. Mfano wa murabaha: mwanachama anataka cherehani ya 380,000. Kikundi kinainunua, kinaimiliki na kuipokea, halafu kinamuuzia kwa 420,000 alipe kwa awamu nne. Anajua bei ya kununulia na anajua faida ni 40,000. Akichelewa, bei haipandi hata senti.

#13 Mtu wa Makambako
Ustadh, kwa heshima zote. 380,000 inakuwa 420,000, hiyo ni karibu asilimia 10 na nusu. Mmebadilisha jina tu. Mjane bado analipa juu, tena zaidi.

#14 Kijana wa Ipogolo
Hata mimi hapa nimekwama. Mtu wa Makambako anauliza swali ambalo wengi wanaogopa kuuliza.

#15 Ustadh wa Uyole
Ni swali halali na maulamaa wenyewe wanalijadili, hasa wakiona benki zinavyofanya murabaha ya makaratasi tu. Tofauti iko kwenye dhamana. Cherehani ikivunjika au ikiibwa kabla hujamkabidhi mnunuzi, hasara ni ya kikundi. Mkopeshaji wa pesa habebi hatari hiyo. Kama kikundi hakikuigusa cherehani, kilimpa mama 380,000 akanunue mwenyewe na kikaandika "murabaha" kwenye daftari, basi #13 yuko sahihi, ni jina tu.

#16 Mwana wa Usangu
Tuhamie shambani kidogo, maana huku Mbarali tuna vikoba vya aina nyingine. Mwezi wa pili akiba imeisha, mtu anakopa gunia moja la mpunga kwa jirani, mwezi wa sita analipa mawili. Wazee wanasema hiyo si riba kwa sababu si pesa. Na riba iliyotajwa kwenye hadithi ya Mtume ni vitu sita tu: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Mpunga haumo.

#17 Bint Tukuyu
Gunia moja kwa mawili ndani ya miezi minne! Kikoba cha Mwanjelwa ni cha malaika ukilinganisha.

#18 Ustadh wa Uyole
#16, umechanganya mambo mawili. Vitu sita vinahusu kubadilishana, mali kwa mali. Hata hapo ni Madhahiri (madhehebu yanayoshika andiko neno kwa neno) waliosimama kwenye sita pekee. Mashafii, ambao ndio wengi huku kwetu, wanaviingiza vyakula vyote kwa kiyasi, yaani kwa kuvilinganisha na vile sita, kwa hiyo mchele na mpunga vimo. Lakini hili lako ni mkopo, na kwenye mkopo sharti la ziada ni riba katika kitu chochote. Gunia moja kwa mawili ni riba bila mjadala.

#19 Mwana wa Usangu
Na kuuza mpunga ukiwa bado shambani? Tajiri anakuja mwezi wa tatu, anakupa pesa ya mbolea, mkivuna unampa mpunga kwa bei ya chini. Kagera kwenye kahawa wanaita butura, na serikali inaikataza.

#20 Mhasibu Kihesa
Hapa ndipo uzi umenoga. Ustadh atanisahihisha, ila nilivyosoma, kuna mkataba unaoitwa salam. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana kabla kwa ajili ya tende za mwaka mmoja au miwili mbele. Hakuwakataza. Aliwawekea masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, muda ujulikane. Pesa yote inatolewa siku ya mkataba.

#21 Ustadh wa Uyole
Sahihi kabisa. Naongeza sharti ambalo watu wanalisahau: usiuze mazao ya jaruba fulani au miti fulani. Kuna hadithi inayokataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kukomaa. Kwa hiyo "nakuuzia mpunga wa jaruba langu lile la mferejini" ukiwa bado kijani, hapana. "Nitakuletea kilo 1,000 za mpunga wa aina fulani, mkavu, tarehe fulani, ghala fulani", ndiyo. Jaruba likifa kwa ukame unanunua kwingine ukamletea, au mnaelewana umrudishie pesa yake kama ilivyokuwa.

#22 Mtu wa Makambako
Kipimo kijulikane? Basi lumbesa imekufa hapo hapo. Huku kwetu gunia la viazi linashonewa kofia juu hadi linafanana na mtu aliyebeba mtoto mgongoni. Mkulima wa Njombe anauza gunia, mnunuzi anabeba gunia na nusu.

#23 Kijana wa Ipogolo
Mtu wa Makambako leo umeniokoa. Nimetetea kilo badala ya gunia mbele ya madalali mara nyingi, sikujua kama nina hadithi mkononi.

#24 Bint Tukuyu
Turudi kwa mjane jamani. Viazi vitakuwa na uzi wao.

#25 Nesi wa Zamu
Nasoma tangu mwanzo nikiwa zamu ya usiku. Mimi nawaona hawa akina mama upande wa pili, wanapofika na mgonjwa. Mwanamke amekaa kwenye benchi, anatafuta jina la mtu wa kumkopesha, simu iko sikioni. Hana muda wa kuuliza riba. Siku hizi wengi hata kikoba hawapigii, wanabonyeza simu, pesa inaingia ndani ya dakika moja, na inakatwa "ada ya huduma" inayoongezeka kila siku wasipolipa. Nilimshuhudia mama mmoja akikopa programu moja ili alipe nyingine, dawa za mtoto zikiwa bado hazijanunuliwa.

Swali langu kwa ustadh: dharura haimruhusu?

#26 Ustadh wa Uyole
Nesi, Mwenyezi Mungu akulipe kwa kazi hiyo. Dharura ya kweli ina hukumu yake, na aliyelazimika hana dhambi kwa kiasi cha ulazima wake. Ila dharura inamwondolea lawama anayekopa. Haimhalalishii anayekopesha kupanga faida juu ya ugonjwa wa mtu.

Kuhusu ada ya huduma: Baraza la Fiqhi la Kimataifa, la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, liliamua katika kikao cha Amman mwaka 1986 kwamba mkopeshaji anaweza kutoza gharama halisi za kuhudumia mkopo. Gharama halisi, basi. Ada inayokua kwa sababu siku zimepita si gharama, ni riba iliyovalishwa kanzu.

#27 Mhasibu Kihesa
Mama Vitenge, katiba yenu ina mfuko wa jamii? Ule wa kuchangia 1,000 kila wiki kwa ajili ya msiba na ugonjwa.

#28 Mama Vitenge
Upo. Sh 500 kila wiki. Tunatoa 50,000 kwa msiba, 30,000 kwa kulazwa, na hairudishwi.

#29 Mhasibu Kihesa
Basi dawa mnayo ndani ya sanduku, mmeipa kikombe kidogo. Watu 25 kwa 500 kwa wiki 48 ni 600,000 kwa mwaka. Mkipandisha iwe 1,500 ni 1,800,000. Itazame hiyo namba. Ni sawasawa na ziada mliyoikusanya kwa mikopo mwaka mzima. Kwa kiasi hicho hicho mngemsaidia mgonjwa bila kumkopesha.

Na huo ndio mzizi wa takaful: watu wanachanga kwa nia ya kusaidiana, na anayepatwa anapewa. Baraza alilolitaja ustadh lilikataa bima ya kibiashara mwaka 1985 na kuelekeza kwenye ya ushirikiano.

#30 Mama Duka Soweto
Samahani, mimi nitasema lisilopendeza. Mimi ndiye mtu wa aina ya yule mwenye 1,200,000, kwenye kikoba kingine. Naweka pesa yangu kwa kujinyima, sinunui hata kitenge cha sikukuu. Mnaniambia nichange zaidi, nisipate faida, na mchele ninaonunua Desemba umepanda bei. Laki yangu ya Januari si laki ya Desemba. Nani ananifidia mimi?

#31 Bint Tukuyu
Dada, angalau umesema kwa jina lako. Wengi wanawaza hivyo na kunyamaza.

#32 Kijana wa Ipogolo
#30 ana hoja. Pesa kupungua thamani ni jambo la kweli. Ila mbona ukiiweka ndani ya godoro inapungua vile vile na humdai godoro?

#33 Mama Duka Soweto
Godoro halina masharti ya kukaa Jumamosi saa mbili nzima nikisikiliza ugomvi wa faini.

#34 Ustadh wa Uyole
Dada #30, hukatazwi kupata faida. Unakatazwa faida ya uhakika juu ya deni la mwenzako. Ingiza pesa yako kwenye ubia: kikundi kinunue mchele Kyela wakati wa mavuno, kihifadhi, kiuze. Faida mgawane, hasara nayo kila mtu kwa mtaji wake. Hiyo ni musharaka. Mwaka 1963 mji mdogo wa Mit Ghamr, Misri, ulianzishiwa benki ya akiba isiyo na riba kwa ajili ya wakulima na watu wa kipato cha chini, watu kama sisi. Benki kubwa zilifuata baadaye. Hapa Tanzania benki ya NBC ilifungua dirisha lake la Kiislamu 2010, Amana ikaanza 2011, na CRDB ikaja na Al Barakah 2021.

#35 Mtu wa Makambako
Ubia wa mchele na panya wakila je?

#36 Ustadh wa Uyole
Mmekula hasara wote. Ndiyo maana ya ubia.

#37 Mwanafunzi Iyunga
Nje ya mada kidogo, naomba radhi. Baba ana kisukari, anajichoma insulini. Ramadhani akifunga, sindano inabatilisha saumu?

#38 Nesi wa Zamu
Kwa upande wa tiba: kabla ya Ramadhani aonane na daktari wake, dozi na saa za kuchoma vinahitaji kupangwa upya. Sukari ikishuka sana mchana afungue hapo hapo, asingoje magharibi. Na kupima sukari kwa kutoboa kidole mchana asiogope.

#39 Ustadh wa Uyole
Baraza hilo hilo, mwaka 1997, lilisema sindano ya chini ya ngozi, ya msuli au ya mshipa haibatilishi saumu, isipokuwa ile ya lishe. Na daktari akimwambia asifunge, aya ya 184 ya Baqara imempa ruhusa. Aipokee. Fungua uzi wako kijana, tutakuja.

#40 Mzee wa Rungwe
Mmesahau jambo moja. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Kikundi cha Mama Vitenge kikisajiliwa kinaweza kuomba.

#41 Bint Tukuyu
Kweli mzee. Ila foleni yake na makaratasi yake, mtoto aliyelazwa atakuwa ameshapona au ameshazikwa.

#42 Mama Vitenge
Wadau, nimerudi. Samahani kwa ukimya wa wiki tatu.

Nilipeleka daftari Jumamosi kama mzee alivyonielekeza. Sikutaja haramu. Nilisoma mistari miwili tu, wa mwenye hisa nyingi na wa mjane, bila majina, ingawa wote walijua. Kimya. Kisha mjane mwenyewe akasema, "Mimi sikulalamika. Naomba tu Januari nikija, ada mkononi hakuna, msiniambie kikoba kimeokoka." Hilo nimelibeba hadi nyumbani.

Tumepiga kura. Mfuko wa jamii umepanda hadi 1,000. Faini za kuchelewa zinaingia huko, hazigawanywi tena. Mikopo ya ugonjwa hadi 200,000 haina ziada. Ile asilimia 10 kwa mikopo mingine imebaki, kura 14 kwa 11. Mimi hisa zangu nimeomba ziandikwe ukurasa wake, zisipokee ziada. Wenzangu wanne wamefanya hivyo pia.

Na tumejaribu murabaha moja. Cherehani, 380,000 kama ya mfano wa ustadh, duka la Kabwe, risiti kwa jina la kikundi. Tuliipakia bodaboda. Kufika Mafiati kamba ikalegea, gurudumu la cherehani likagonga lami na kupasuka. Fundi kadai 18,000. Jumamosi ilikuwa moto, wengi wanasema mwenye cherehani alipe. Nimewaambia bado hajawa mwenye cherehani, tulikuwa hatujamkabidhi.

#43 Ustadh wa Uyole
Umewaambia sawa. Hiyo 18,000 ni ya kikundi.

#44 Mtu wa Makambako
Kwa hiyo faida ya kikundi sasa ni 22,000 badala ya 40,000. Hapo ndipo nimeelewa ulichokuwa unasema kwenye #15. Ila swali bado: wale 14 waliopiga kura asilimia 10 ibaki, baada ya kuiona hii 18,000 watazidi kuwa 14 au watapungua?

#45 Mama Duka Soweto
Na dereva wa bodaboda aliyefunga kamba vibaya, hadaiwi?